Siku Kumi za Semakaleng

Mimi na Semakaleng tulitenganishwa na ua wa michongoma kwa miaka mingi, na sidhani kama kuna mtu aliyeyajua mambo yangu kumshinda yeye. Yeye alikuwa mtumishi kwa akina Whitcombe, mimi kwa daktari mmoja wa meno aliyefiwa na mkewe. Jumatatu tulianika nguo wakati mmoja, kila mtu upande wake, na umbea wote wa mtaa ulipita juu ya ule ua. Kwa Whitcombe aliitwa Julia. Jina hilo alipewa siku ya kwanza kazini, Madam aliposema kwamba Semakaleng linamshinda ulimi.

"Afadhali wewe umepewa jina," nilimwambia. "Mimi naitwa Girl, na nina wajukuu wawili."

Hakucheka. Alikuwa mtu wa kucheka kwa nadra, mrefu, mwembamba, mwenye mikono iliyochubuka kwa sabuni, na alipokuwa na jambo moyoni alilishikilia hilo hilo mpaka likuchoshe wewe msikilizaji. Jambo lake lilikuwa mtoto wake, Onalenna.

Alimwacha kwa mama mkwe wake, Kareefontein, upande wa Mafikeng, akiwa na miezi kumi tu, bado ananyonya. Ilikuwa Machi mwaka 1957. Wiki ile ile akaanza kumlea Caroline, binti wa Madam, aliyekuwa amezaliwa siku chache kabla ya Onalenna. Maziwa yalimtoka yakalowanisha sare yake ya kazi, na Madam akamwambia akabadilishe nguo kabla ya kumbeba mtoto. Hayo alinisimulia mara moja tu, nami sikuthubutu kumkumbusha tena.

Mtoto wa mtumishi hakuruhusiwa kulala uani kwa Mzungu. Akikutwa, mama alilala mahabusu na mtoto akarudishwa alikotoka. Isitoshe, mtu Mweusi aliyezaliwa nje ya Johannesburg hakuwa na haki ya kukaa Johannesburg. Tulikuwepo kwa sababu Mzungu fulani alituhitaji tumpikie na kumfulia, na siku akiacha kutuhitaji tulikuwa na saa sabini na mbili za kufunga mizigo. Mlango ulikuwa mmoja tu. Ukimtumikia mwajiri mmoja miaka kumi mfululizo, bila kukatika hata siku moja, ulikwenda ofisi ya vipande, vile vitabu vya kibali tulivyolazimishwa kubeba, ukagongewa muhuri. Mwenye muhuri hafukuzwi. Anaweza kupanga chumba Soweto, akaishi na mwanawe, mwanawe akaenda shule kama watoto wa watu.

Basi Semakaleng aliishi kwa ajili ya muhuri huo. Kila mwisho wa mwezi mwajiri alitakiwa kutia sahihi kwenye kipande cha mtumishi wake, na kila mwisho wa mwezi Semakaleng alikisogeza kile kitabu kando ya kikombe cha chai cha Madam, akasimama. Madam Whitcombe alikuwa na sahihi ya madaha, herufi ya kwanza ikijikunja kama mkia wa paka. Semakaleng aliitazama mpaka wino ukauke. Alisoma Biblia ya Kitswana bila kukwama, lakini Kiingereza cha kuandikwa kilimpiga chenga, kwa hiyo hakusoma maneno ya kitabu kile. Alitazama sahihi. Sahihi ikiwepo, mwezi umepita salama.

"Umekuwa kama mlinzi wa benki," nilimtania.

"Benki yangu iko Kareefontein, Mama Tiro. Imeanza kutambaa."

Mwaka ule pesa zilipobadilika kutoka pauni kuwa randi, majira ya baridi, ilikuja telegramu. Modise, mumewe, alikuwa ameangukiwa na mwamba mgodini. Semakaleng alinijia uani akiwa bado na unga mikononi, akanipa ile karatasi nimsomee, ingawa nadhani alishaielewa. Sikumbuki nilisema nini. Nakumbuka alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na kitu cha kwanza alichoniuliza ni iwapo safari ya mazishi inakata miaka.

Msimwone mtu mbaya. Mimi mwenyewe nilimwona hivyo kwa dakika moja, nikajuta. Alikuwa ameshamaliza miaka minne na miezi minne. Kila Desemba akina Whitcombe walipokwenda baharini yeye alikwenda nyumbani wiki mbili, Madam akatia sahihi kama kawaida, na hakuna kilichokatika. Nikamwambia msiba nao ni hivyo hivyo, ruhusa ni ruhusa. Shida ilikuwa moja. Caroline alikuwa ana surua, na Madam Whitcombe hakuweza kuivisha hata yai. Akikaa siku tatu bila mtumishi angetafuta mwingine, na huyo mwingine angenogewa na chumba.

Sisi wanawake wa majikoni tulikuwa na dawa ya hilo. Ukiondoka, unamwachia ndugu yako akushikie ufagio. Si mtu baki, maana mtu baki humzoea Madam, na Madam humzoea yeye. Unamwachia mtu wa damu au wa kuaminika, afanye kazi vizuri lakini asifanye vizuri kupita kiasi, na siku ukirudi anakukabidhi ufagio wako mlangoni. Ndivyo tulivyofanya siku zote. Nikamtoa mpwa wangu Boipelo, msichana mpole asiye na tamaa, nikamwambia, "Siku kumi tu. Usimpikie Madam ile keki yako."

Madam alikuwa mwema siku ile, lazima niseme. Alimtilia Semakaleng vijiko vitatu vya sukari kwenye kile kikombe chake cha bati kilichokaa peke yake chini ya sinki. Akasema, "Nenda Julia, kalie kwa amani, usiwaze chochote. Mambo ya karatasi nitayashughulikia mimi." Boipelo naye akaandikishwa kihalali, akagongewa kibali, hakuna kujificha polisi wakipita. Nilifurahi. Nilijipongeza kabisa kwamba nimempatia mpwa wangu karatasi.

Kwetu eda ya mjane ni mwaka mzima. Huvai ila nyeusi. Hushiki mkono wa mtu, hukatizi zizi la ng'ombe, hutembei mashambani ovyo. Kila njia unayopita unanyunyiza mogaga, kitunguu cha porini kilichopondwa kikatiwa maji, ili joto la kifo lililo miguuni mwako lisiunguze ardhi na kuzuia mvua. Mwaka ukiisha unaoshwa, unanyolewa, unakuwa mtu tena. Mjane anayetoka kabla ya kuoshwa hadhuru nafsi yake peke yake. Anadhuru kijiji kizima.

Semakaleng alikaa siku kumi.

Siku ya tisa alimpigia magoti mama mkwe wake, Bi Ntebaleng, akamwambia kwamba kesho anaondoka. Bi Ntebaleng alikuwa amemzika mwanawe wa pekee, na kinywa chake hata siku za furaha kilikuwa kikali.

"Unakwenda wapi na nyeusi hiyo?"

"Kazini, mama."

"Mwanangu hata udongo haujatulia juu yake."

"Mama, nikikaa mwaka, nimepoteza miaka minne. Nikipoteza minne, Onalenna atakua bila mimi. Nimebakiza mitano na ushee."

"Kwa hiyo Mzungu ameinunua eda yako." Akamtemea mate miguuni. "Nenda. Lakini mtoto wa Modise haendi popote na mtu asiyemlilia Modise."

Alinyunyiza mogaga kutoka mlangoni mpaka kituo cha treni, peke yake, hakuna aliyemsindikiza. Kwenye treni akavua ile nguo nyeusi akaikunja, maana Madam alishamwambia kabla hajaondoka kwamba nyeusi ingemtisha Caroline. Boipelo akamkabidhi ufagio. Mwisho wa mwezi akapeleka kipande, sahihi ikatiwa, mkia wa paka ukajikunja palepale panapostahili. Semakaleng akashusha pumzi.

Mvua ya mwaka ule haikunyesha. Na ya mwaka uliofuata haikunyesha. Mnaokikumbuka kiangazi kile mnajua kwamba kilikausha nchi nzima mpaka ng'ambo ya mpaka, ng'ombe wakafa kwa maelfu, na hata mashamba ya Makaburu yaligeuka vumbi, wao ambao hawana mogaga wala eda. Lakini Kareefontein walikuwa na jibu lao tayari. Alipokwenda Desemba, wanawake waliondoa ndoo zao kisimani mpaka amalize kuchota. Hakuna aliyemtukana, na heri wangemtukana.

Mzigo ukamwangukia mtoto. Onalenna aliitwa mtoto wa aliyekausha mvua. Shuleni aliketi peke yake. Alipofika miaka kumi alikuwa mtoto wa maneno machache, mwenye macho ya kupima watu. Mama yake alimpelekea viatu vya Caroline vilivyobana, na kila barua ilimalizika na hesabu ileile: imebaki mitatu, imebaki miwili, umebaki mmoja. Mtoto alijifunza kuhesabu kurudi nyuma kabla ya kujua kuzidisha.

Hata Bi Ntebaleng, uzee ulipomlegeza, alikubali. Alisema ukija na muhuri mkononi, mchukue, pengine huko atapata wa kucheza naye.

Machi 1967 ikafika. Binamu yangu Soweto alikuwa ametenga chumba, na shule ilikuwa jirani na nyumba yake. Ahadi ya ofisini ilikuwa Alhamisi, siku yetu ya mapumziko ya nusu siku. Jumatatu ya wiki ile Semakaleng alisimama kwenye ua na shuka mkononi, uso wake umefunguka kwa namna ambayo sijawahi kuiona.

"Nimwandikie sasa, au ningoje muhuri kwanza?"

"Usubiri nini?" nikasema. "Miaka kumi si umeimaliza? Andika leo, barua ifike kabla yako. Mtoto ajiandae, aage wenzake."

"Wenzake gani, Mama Tiro?"

"Basi aage mbuzi. Andika!"

Akaandika. Kwamba Jumamosi atashuka na treni ya asubuhi, na watapanda pamoja ile ya saa tisa ya kurudi Johannesburg. Mimi ndiye niliyeipeleka posta.

Alhamisi nilimsindikiza. Tulisimama kwenye mstari tangu saa kumi na mbili asubuhi pamoja na mamia ya watu, mabwana wetu wakiwa wametupa ruhusa ya siku nzima kwa kunung'unika. Semakaleng alivaa kofia ya kanisani. Mkononi alikuwa na barua ya Madam, yenye kumsifu Julia kwamba ni mwaminifu, msafi, na hajawahi kuiba.

Karani alikuwa kijana wa Kikaburu mwenye chunusi shingoni, na pembeni yake alikaa mkalimani, Mtswana mwenzetu aliyevaa tai. Barua hakuisoma. Alifungua kipande akapindua kurasa kwa kidole alichokilowesha mate, mmoja, mwingine, mwingine. Akasimama. Akarudi ukurasa mmoja nyuma. Akasema maneno machache kwa mkalimani na kukirudisha kitabu juu ya meza.

"Anasema miaka yako haijatimia, mama."

"Imetimia," Semakaleng akajibu kwa upole, kama mtu anayemsahihisha mtoto. "Machi hamsini na saba mpaka Machi hii. Mwambie ahesabu sahihi. Zote zipo."

Mkalimani akauvuta ule ukurasa, akamwonyesha kwa ncha ya kalamu. "Sahihi ipo. Lakini hii si ya mwezi, mama, iko safu nyingine. Safu hii ni ya kuachishwa kazi. Tarehe kumi na nne Julai, sitini na moja, umeachishwa. Hapa chini, tarehe ishirini na tano Julai, umeajiriwa upya. Kwa hiyo miaka yako inaanza hapo."

"Nilikwenda kumzika mume wangu."

Yule kijana alielewa bila kutafsiriwa. "Pole," akasema, kisha, "arudi sabini na moja. Anayefuata!"

Semakaleng hakusogea. Aliutazama ule ukurasa. Mkia wa paka ulikuwa pale, umejikunja vizuri, wino umefifia kidogo. Alikuwa ameutazama mara mia. Ile sahihi aliyoiamini kuliko kitu chochote duniani ndiyo iliyomwachisha kazi, na yeye aliihesabu pamoja na nyingine.

"Mama, sogea," mkalimani akanong'ona. "Atamwita polisi." Nikamshika mkono nikamtoa.

Njiani alitangulia mbele. Mimi ndiye niliyeropoka, nikimtukana Madam kwa matusi yote ninayoyajua na mengine niliyoyatunga. Tulipofika aliingia jikoni, akavua kofia, akavaa aproni, ndipo akaenda ukumbini. Aliyosema Madam nimeyapata kwa Semakaleng mwenyewe, naye haongezi neno.

Madam alikuwa akipanga karata kwa ajili ya wageni wake wa alasiri. "Vipi Julia, wamekupa?"

Semakaleng akamwekea kitabu mezani kimefunguliwa.

Ilimchukua muda kukumbuka. Kisha akasema, "Ah, hiyo. Lakini Julia, sikuwa na njia nyingine! Kulikuwa na yule binti, nani yule, Bella. Uwanja wetu una kibali cha mtumishi mmoja tu. Kumwandikisha yeye ilibidi nikuondoe wewe kwanza, la sivyo tungepigwa faini. Na nilikurudisha siku ileile uliyofika. Siku ileile! Ni karatasi tu."

"Ndiyo, Madam."

"Ungeniambia kwamba ni muhimu."

"Ndiyo, Madam."

Na hapo Madam Whitcombe akalia. Alilia kwa kweli, pua ikawa nyekundu, akasema anajisikia vibaya mno, kwamba Julia ni kama mtu wa familia. Semakaleng ndiye aliyemletea leso. Kisha akamletea chai kwa sababu wageni walikuwa wanakaribia.

Bella ni Boipelo. Mpwa wangu. Mimi ndiye niliyemleta, mimi ndiye niliyefurahi alipoandikishwa. Kama angeshika ufagio kwa kujificha kama wote, Madam asingegusa kitabu. Nilimwambia Semakaleng hivyo jioni ile, nikalia kuliko Madam. Alinijibu, "Ulinisaidia, Mama Tiro. Nyote mlinisaidia." Sijui alimaanisha nini, na sitaki kujua.

Lakini barua ilikuwa imeshakwenda. Telegramu ingesomwa na mwenye duka la kituoni kwa sauti mbele ya wateja, kama alivyozoea. Semakaleng akasema hapana, nitakwenda mwenyewe. Ijumaa akapanda treni.

Onalenna alikuwa kituoni. Hakuwa amekuja asubuhi ile. Alikuwa hapo tangu jana yake, amelala kwa mke wa mwenye duka, akiogopa treni isije mapema. Alikuwa amenyolewa vizuri, amepakwa mafuta, miguu imebanwa kwenye viatu vya Caroline vilivyokatwa visigino ili vidole vipumue. Pembeni alikuwa na sanduku la mbao lililofungwa kamba, na juu yake ugali wa mtama uliofungwa kwenye kitambaa, wa kula njiani watu wawili.

"Shikamoo mama. Treni yetu inapita saa tisa. Nimemuuliza bwana wa kituo mara mbili."

Semakaleng akakaa juu ya sanduku. Alimwambia yote, polepole, kwa sababu aliapa njiani kwamba hatamdanganya. Kitabu, safu, ile tarehe ya Julai. Kwamba zile siku kumi za msiba zimehesabiwa kuwa ameacha kazi. Kwamba sasa imebaki minne tena.

Mtoto alisikiliza bila kukatiza. Alihesabu umri wake kwa vidole, akafika kumi na tano, akakunja vidole. Semakaleng alingoja alie, na alikuwa amejiandaa kwa kilio, alikuwa na leso mkononi. Onalenna hakulia. Alikuwa anafikiri, uso umekunjamana kama anayetafuta kosa kwenye hesabu ya shule.

"Kwa hiyo walikukata miaka minne kwa siku zile zile kumi."

"Ndiyo, mwanangu."

"Hata kama ungekaa mwaka mzima, wangekukata hivyo hivyo. Ile minne ingepotea tu."

"Ndiyo."

"Basi si ungekaa tu, mama, umlilie baba."

Treni ya saa tisa ilikuja ikaondoka. Semakaleng alijitwika lile sanduku akalirudisha mpaka nyumbani kwa Bi Ntebaleng, mtoto akitembea mbele na ugali wake. Jumapili akapanda ya kurudi, maana asingefika Jumatatu angeachishwa tena. Hayo yote alinisimulia juu ya ua akiwa na shuka za Caroline begani, vibanio vya nguo mkononi, sauti ileile ya siku zote. Alipofika kwenye yale maneno ya mtoto akanitazama.

"Ningemjibu nini, Mama Tiro?"

Ndani, Madam alikuwa akiita Julia.